MATUTA YA ULUGURU NA AYA YA MIKATABA: NANI ALIANDIKA, NANI ALISHIKA JEMBE?



Sifa zote njema ni za Allah Subhaanahu wa Ta'ala, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), watu wake na maswahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, maswali ya mikataba yamekuwa mengi. Kikundi kinachimba kisima kwa fedha za mfadhili. Watu watano wanachanga kununua trekta. Kijiji kinaingia makubaliano na shirika. Mradi ukivunjika, kila mmoja anakuja na karatasi mkononi akisema: "Sheikh, mimi nilitimiza sehemu yangu."

Leo sitajibu kwa fatwa fupi. Nitajibu kwa historia ya milima inayotutazama hapa Morogoro kila asubuhi. Someni mpaka mwisho, kwa sababu katika historia hii kazi ilikuwa moja, matuta yalikuwa yaleyale, milima ileile, na mara ya kwanza ikamwagika damu.

1. MLIMA NA MTO

Maji ya mvua inayonyesha Uluguru ndiyo yanayoujaza Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonywesha Dar es Salaam. Mito mingine inashuka upande huu wa mji wetu na kuingia Ngerengere na bwawa la Mindu. Mkulima wa Kibungo au Matombo akilima mteremko mkali bila kinga, mvua kubwa ya masika inauchukua udongo wake. Anayepoteza kwanza ni yeye mwenyewe, shamba linachoka. Anayefuata ni mtu asiyemjua kabisa, yuko Kariakoo anafungua bomba, na maji aliyotumiwa yana tope.

Kwa hiyo hawa wawili wako katika mradi mmoja, hata kama hawajawahi kukaa mkeka mmoja.

Mtume (s.a.w.) alitupigia mfano huu katika hadithi aliyoipokea Nu'man bin Bashir, iliyomo katika Sahih Bukhari. Watu wamepanda jahazi, wengine juu, wengine chini. Wa chini wanahitaji maji, na kila wakipanda kuyachota wanawasumbua wa juu. Wakafikiri watoboe tundu katika sehemu yao. Wakiachwa, wote wanaangamia. Wakishikwa mkono, wote wanaokoka. Tazameni hekima yake: wale wa chini hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa na haja ya kweli. Kosa lilikuwa kila kundi kutatua haja yake peke yake.

2. MPANGO WA 1950

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Mwingereza ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, uliojulikana kwa kifupi kama ULUS. Mipango ya namna hiyo ilikuwepo pia Usambara, Usukuma na kwingineko Tanganyika.

Tuseme haki, maana Allah ametuamrisha tuwe waadilifu hata kwa watu tunaochukiana nao: tatizo walilolitaja lilikuwa la kweli. Udongo ulikuwa unaporomoka. Maafisa wale hawakulizua.

Dawa yao ilikuwa matuta ya ngazi. Kila mwenye nguvu akate mteremko wake uwe kama ngazi, ili maji yatulie na udongo ubaki. Amri ikapitishwa katika utawala wa wenyeji, chini ya Sultani Sabu bin Sabu, ikawa sheria ndogo. Asiyechimba anapelekwa barazani, anatozwa faini.

Sasa tuangalie ilivyokuwa shambani.

Kwanza, udongo mzuri wa mlima wetu katika sehemu nyingi ni tabaka jembamba juu. Ukikata ngazi, unaufukia ule mzuri na kuutoa nje ule mwekundu usio na rutuba. Mtu alifanya kazi ya jasho, akapanda, akavuna kidogo kuliko jana.

Pili, kazi ilikuwa nzito na haikuwa na malipo. Siku za kuchimba matuta zilikuwa siku za kuacha kazi nyingine za nyumbani na shambani.

Tatu, na hili ndilo zito, ardhi ya Waluguru ni ya ukoo, na ukoo unafuata upande wa mama. Wengi walilima mashamba waliyopewa kuyatumia, si ya ukoo wao. Ukijenga kitu cha kudumu katika shamba la watu, unazua swali: kesho litakuwa la nani? Mpango haukulijibu swali hilo. Na hofu ya ardhi haikuwa ya kuzuka tu, kwani mwaka 1951 Wameru walikuwa wameondolewa kwa nguvu Engare Nanyuki, na malalamiko yao yakafika mpaka Umoja wa Mataifa.

Watu wakasema hapana. Julai 1955 hasira ikapanda, watu wakakusanyika Matombo, polisi wakaitwa. Risasi zikapigwa, mtu mmoja akafa. Baada ya hapo amri ya matuta ikaachwa, na TANU, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu, ikapata wasikilizaji wengi milimani.

Waliosimama siku zile walikuwa Waislamu na Wakristo, vijana na wazee. Hawakukataa kuhifadhi udongo. Walikataa kufanywa jembe la mtu mwingine.

Lakini tusimalizie hapo kwa shangwe. Amri iliondoka, mmomonyoko ukabaki. Mvua haikujua kwamba tumeshinda.

3. MKATABA WA 2008

Zaidi ya miaka hamsini baadaye, mashirika ya CARE na WWF yalikuja na mpango mwingine katika milima hiyohiyo, vijiji vya Kibungo Juu: Lanzi, Dimilo, Nyingwa na wenzao. Baada ya utafiti wa awali ulioanza 2006, utekelezaji ulianza 2008. Wazo lenyewe: anayefaidika na maji huku bondeni amlipe anayetunza mlima kule juu. Upande wa wanaofaidika waliingia DAWASCO, waliokuwa wakisambaza maji Dar es Salaam wakati huo, na kampuni ya Coca-Cola Kwanza, ambayo haiwezi kutengeneza chupa moja ya soda bila maji. Wakatia saini hati ya makubaliano.

Na wakulima walitakiwa kufanya nini? Matuta ya ngazi! Pamoja na fanya juu, majani ya kushika udongo, kupanda miti na kuchanganya miti na mazao.

Ndugu yangu, usiipite sentensi hiyo haraka. Jambo lililomfanya babu akabiliane na polisi, mjukuu alilifanya kwa hiari. Kilichobadilika ni nini?

Mkulima aliulizwa kabla ya kuingia, na aliweza kukataa. Alilipwa kwa kadiri ya eneo alilolishughulikia na aina ya kazi aliyofanya. Alifundishwa, na kulikuwa na njia zaidi ya moja ya kuchagua. Na mwenye kufaidika alijulikana kwa jina lake, hakujificha nyuma ya amri.

Sisemi mpango huo ulikuwa kamili. Malipo ya miradi yana mwanzo na mwisho, na udongo unahitaji mlinzi kila masika. Swali la "mradi ukiisha, nani anaendelea?" ni swali la kila mkataba wa aina hii, nami nitalirudia chini. Nasema tu kwamba jembe ni lilelile, lakini mkono ulioridhika hauchimbi kama mkono uliolazimishwa.

4. DINI IMESEMA NINI?

Aya ya kwanza ya Suratul Maaida inawaamrisha walioamini kutimiza mikataba. Aya inayofuata hapohapo inaamrisha kusaidiana katika wema na uchamungu, na inakataza kusaidiana katika dhambi na uadui. Mpangilio huo una mafunzo. Kutimiza mkataba na kusaidiana vimewekwa jirani. Mtu anayetimiza herufi za mkataba huku akimtazama mwenzake anazama, amesoma aya moja akaacha ya pili.

Kisha tazameni aya ya 282 ya Suratul Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, na inazungumzia kuandikiana deni. Imeamrisha mwandishi mwadilifu na mashahidi. Na imesema nani amsomee mwandishi maneno ya kuandika: ni yule mwenye kubeba wajibu, yule atakayedaiwa. Akiwa dhaifu au hawezi, msimamizi wake aseme kwa niaba yake kwa uadilifu.

Subhanallah! Mwenye mzigo ndiye anayetamka mzigo wake. Mwaka 1950 mwenye mzigo hakutamka neno. Maneno yalitungwa ofisini, jembe likashikwa mlimani.

Na sheria ya nchi yetu inakutana na hili. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka mkataba uwe wa ridhaa huru ya wahusika. Lililopatikana kwa kulazimishwa aliyelazimishwa anaweza kulibatilisha, hata likiwa na mihuri kumi.

5. VIFUNGU VITANO VYA KUSHIRIKIANA

Kabla hujatia saini mradi wowote wa pamoja, tafuta mambo haya matano. Usipoyaona, omba yaandikwe.

KIFUNGU CHA KUSHAURIANA. Nani anakutana na nani, lini, na kumbukumbu zinawekwa na nani? Waumini wamesifiwa katika Suratu Shuuraa kwamba mambo yao ni kwa kushauriana. Kikao cha siku ya uzinduzi chenye mziki na wali hakitoshi.

KIFUNGU CHA UKAGUZI WA HAKI. Mtume (s.a.w.) aliwaacha Mayahudi wa Khaybar walime mashamba kwa makubaliano ya nusu ya mazao. Akawa anamtuma Abdullah bin Rawaha kukadiria mavuno. Yeye akikadiria, huwapa nafasi ya kuchagua: chukueni nyinyi kwa makadirio haya, au tuchukue sisi kwa makadirio hayohayo. Walijaribu kumpa hongo, akakataa, nao wenyewe wakaukiri uadilifu wake. Mkaguzi akiwa tayari kubadilishana nafasi na anayemkagua, ugomvi unapungua.

KIFUNGU CHA MALIPO NA MUDA WAKE. Mtume ametuhimiza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Andika kiasi, tarehe, na kinacholipiwa: ni kazi iliyofanyika au ni matokeo? Mafakihi wametenganisha ijara, yaani ujira wa kazi, na ju'ala, yaani zawadi ya kufikisha jambo, kama lile shehena la ngamia lililoahidiwa katika kisa cha Nabii Yusuf kwa atakayeleta kopo la mfalme. Mkulima aliyechimba tuta vizuri, kisha mvua kubwa ikaliporomosha, analipwa au halipwi? Jibu liandikwe wakati wa kiangazi, si siku ya maporomoko.

KIFUNGU CHA SULUHU. Zubayr na mtu mmoja wa Ansari waligombania maji ya mfereji Madina. Shamba la Zubayr lilikuwa juu. Hukumu ya kwanza ya Mtume ilikuwa ya upole: mwagilia, kisha mwachie jirani yako. Yule mtu akakasirika, akadai Zubayr amependelewa kwa udugu. Ndipo Mtume akampa Zubayr haki yake kamili, ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo. Tuelewe: aliyeikataa suluhu alipata kidogo kuliko alichokikataa. Basi mkataba useme kwamba tukihitilafiana tunakaa kwanza, wazee na wataalamu wanasikiliza, na mahakama ni mlango wa mwisho.

KIFUNGU CHA KESHO. Mfadhili akiondoka, pampu ni ya nani? Miti ni ya nani? Ardhi iliyoboreshwa ni ya ukoo, ya aliyelima au ya mradi? Swali hili halikujibiwa mwaka 1950 na likawa kuni za moto wa 1955.

HITIMISHO

Ndugu zangu wa mjini na wa Dar es Salaam, mnapotawadha kwa maji ya Ruvu, mjue kuna mtu mlimani ana sehemu yake katika wudhu wenu. Na ndugu zangu wa milimani, aliye bondeni ni jirani yenu japo hamsikii adhana yake. Tusingoje serikali wala shirika ndio tukumbuke haki ya jirani.

Na wewe uliye kiongozi wa kikundi, wa kijiji au wa msikiti, ukishika kalamu kuandika mradi, jiulize kwanza: atakayeshika jembe yuko chumbani humu? Kama hayupo, weka kalamu chini, kamwite.

Allah atujaalie tuwe watu wa kutimiza ahadi, awarehemu waliotutangulia katika milima hii, na atupe mvua ya kheri isiyobomoa. Aamin.

Ukiona kuna faida, mfikishie na mwenzako, hasa aliye karibu kutia saini.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.