Zambarau Iliyokwanguliwa Mwambani

Ochrolechia tartarea ni kuvumwani, yaani kuvu na mwani walioungana hadi wakawa kiumbe kimoja. Huganda kwenye mwamba kama ukoko mnene wa kijivu cheupe, na juu yake hutokeza visahani vya mviringo vya rangi ya chungwa iliyofifia, kila kimoja na ukingo wake mnene. Visahani hivyo ndivyo vinavyotoa chembe za uzazi za kuvu. Makao yake ni miamba isiyo na chokaa, penye unyevu na mvua nyingi, hasa Uskoti na Skandinavia. Hukua polepole mno, na tabia hiyo ndiyo iliyokuja kuwatesa wafanyabiashara.

Wenyeji wa milima ya Uskoti waliikwangua tangu zamani ili kutia rangi sufu. Anayeiona mwambani hawezi kudhani kwamba ina zambarau, kwa kuwa rangi imejificha ndani ya asidi zake. Ikisagwa, ikalowekwa katika amonia na kuachiwa hewa kwa wiki kadhaa, asidi hizo huvunjika na rangi hujitokeza. Amonia ya bei nafuu enzi hizo ilikuwa mkojo uliochacha.

Mwaka 1758 Mskoti Cuthbert Gordon alipata hataza ya rangi hiyo, akaiita cudbear kutokana na jina la ukoo wa mama yake. Kiwanda chake cha Leith hakikudumu. Mwaka 1777 George Macintosh, ambaye mwanawe Charles alikuja kuvuma kwa makoti ya mvua, alifungua kingine Glasgow, na huyu alikuwa mtu wa siri. Alikizungushia ukuta wa futi 10, akaajiri watu wa milimani wanaozungumza Kigaeli na kuwaweka humo humo ndani, ili mbinu zisivuje. Yasemekana kiwanda kilitumia galoni 2,000 za mkojo kwa siku. Ukuta ungeweza kuficha ufundi, lakini si harufu.

Miamba ya karibu ilikwanguliwa ikaisha kabla ukoko mpya haujakua, malighafi ikabidi itoke Norwei na Uswidi. Wakati huohuo jamii nyingine, Roccella, ilikuwa ikiletwa Ulaya kutoka pwani zenye joto. Hiyo haigandi kama ukoko, bali huning'inia kama nyuzi kwenye miti na miamba ya baharini. Katika karne ya 19 Unguja nayo iliisafirisha, na Waswahili waliijua kwa jina la malele.

Kiwanda cha Glasgow kilifungwa mwaka 1852. Miaka minne baadaye William Perkin alitengeneza zambarau kutokana na lami ya makaa ya mawe, na soko la rangi za kuvumwani likaanza kunywea. Matumizi yaliyodumu ni ya litmasi, iliyotengenezwa Uholanzi kutokana na Roccella na hata Ochrolechia yenyewe, kwa ajili ya kupimia asidi na besi.