Ua la Usambara Ndani ya Chupa

Katika milima ya Usambara, mkoani Tanga, penye kivuli na miamba yenye unyevu, huota ua dogo la rangi ya zambarau. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, alilipeleka kwao. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akaliita Saintpaulia. Leo ua hilo hupamba madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Marekani.

Msomaji atauliza: limeongezekaje kiasi hicho? Zamani walichomeka jani udongoni na kungoja. Siku hizi hutumia pia chupa, na njia ya kufikia chupa hiyo ilikuwa ndefu. Mwaka 1902 Gottlieb Haberlandt wa Austria alijaribu kukuza seli moja moja za majani katika maji yenye lishe. Ziliishi, lakini hazikugawanyika. Kilichokosekana ni homoni za mimea, ambazo wakati ule zilikuwa hazijagunduliwa.

Mwaka 1955, huko Wisconsin, Marekani, Folke Skoog, Carlos Miller na wenzao waligundua homoni waliyoiita kinetini. Mwaka 1957 Skoog na Miller walionyesha, kwa kutumia tumbaku, jinsi inavyoshirikiana na homoni nyingine, auksini. Auksini ikizidi, hutoka mizizi; kinetini ikizidi, hutoka machipukizi; zikikaribiana, hubaki donge lisilo na umbo.

Basi kipande cha jani la ua letu husafishwa vijidudu, kikawekwa juu ya jeli yenye sukari, madini na homoni. Machipukizi hutoka kwa wingi, kisha huhamishiwa kwenye jeli nyingine yatoe mizizi. Sisi tuliofundisha walimu tunaielewa habari hii upesi: malezi ni kipimo, wala si wingi wa kitu kimoja.

Lakini hapana budi tukumbuke jambo moja. Miche ya chupa hiyo kwa kawaida hufanana na mama yake kwa kila hali, hata ugonjwa unaomwangusha mmoja waweza kuwaangusha wote. Msituni kila mbegu huzaliwa na mchanganyiko wake. Na huko Usambara baadhi ya ndugu wa ua hili wamo hatarini kutoweka, kwa kuwa miti inayowapa kivuli inakatwa. Aina ikishapotea bila kuacha hata jani moja, hakuna cha kutia chupani.