Gugu maji na zirkoni: jamaa wawili wa yakuti

Ua la zambarau ndani ya birika hili ni la gugu maji, mmea wa Amerika Kusini. Jiwe jekundu kando yake ni zirkoni. Katika lugha za Kizungu, vyote viwili vimebeba jina la Kigiriki hyakinthos.

Wagiriki wa kale walisimulia kwamba Hyakinthos, kijana wa Sparta, aliuawa na kisahani alichorusha mungu Apolo. Ua likachipuka penye damu yake. Jina hilo wakalipa pia jiwe la thamani. Waarabu wakalitamka yaqut, neno lililomo katika Sura ya Ar-Rahman, nasi tukalipokea kuwa yakuti. Siku hizi yakuti ni jiwe jingine, gumu kuliko zirkoni. Yakuti nyekundu huchimbwa Mangari, Taita Taveta. Chembe za zirkoni zimo hapa karibu, katika udongo wa vilima vya Sukulu, Tororo, pamoja na fosfeti.

Gugu maji nalo lilipewa jina la hyakinthos na Wazungu kwa sababu maua yake hufanana na ua la bustani zao. Uzuri wake umewagharimu wavuvi wetu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 limetanda Ziwa Victoria, likiziba mialo na kunasa nyavu. Uganda iliachilia fukusi wanaolila mwaka 1995, Kenya mwaka 1997. Mabua yaliyokaushwa husukwa vikapu na viti.

Tafadhali usichukue hata kipande cha gugu maji: kikiangukia Mto Malaba, kinaweza kuota upya.