Maji na Mafuta Katika Motokaa

Wasomaji, bila shaka mmekwisha kumwona dereva amesimamisha gari lake juu ya mlima, akashika debe kwenda kutafuta maji mtoni. Asiyejua hudhani gari lina kiu kama ng'ombe. Sivyo. Petroli iwakapo ndani ya mtambo hutoa joto jingi, na sehemu yake tu ndiyo isukumayo magurudumu. Joto lililobaki lisipotolewa nje, vyuma hutanuka, hukwama, na mtambo huharibika.

Elimu ya jambo hili ilianza zamani kabla ya motokaa. Katika miaka ya 1760, Joseph Black, mwalimu wa chuo kikuu cha Glasgow huko Scotland, aliwafundisha wanafunzi wake ya kuwa wingi wa joto si sawa na ukali wake uonekanao katika kipimo. Vitu viwili vyenye uzito mmoja havipokei joto sawasawa. Ukiweka ratili ya maji na ratili ya mafuta juu ya mioto iliyo sawa, mafuta yatapata moto upesi zaidi, kwani yahitaji karibu nusu tu ya joto lihitajiwalo na maji. Tena alionyesha ya kuwa maji yageukapo mvuke humeza joto jingi, wala kipimo hakipandi.

Zaidi ya miaka 100 ikapita. Mwaka 1886 Karl Benz wa Ujerumani akapewa hati ya motokaa yake, ambayo mtambo wake ulipozwa kwa maji yaliyochemka na kutoka mvuke. Wanunuzi hawakuonekana. Basi Agosti 1888 mkewe, Bertha, bila kumwambia mumewe, akaondoka Mannheim pamoja na wanawe wawili kwenda Pforzheim, mwendo wa kilomita 100 hivi. Maji yalipungua njia nzima, nao wakawa wakiyaongeza kila walipoyapata. Kama wangaliyakosa, mtambo ungaliharibika, na kazi ya miaka mingi ingalichekwa. Lakini walifika salama, na watu wakajua ya kuwa gari lile laweza kwenda mbali.

Dawa ya taabu ile ya maji ilitengenezwa na Wilhelm Maybach mwaka 1900: rejeta yenye vijibomba zaidi ya 8,000, mfano wa sega la nyuki. Upepo ulipita ndani ya vijibomba, na maji katikati yake. Maji yale yale yakapoa na kurudi kazini.

Na mafuta ya mtambo, ndiyo oili, kazi yake nini? Huchukua joto kidogo kuliko maji, lakini hupita palepale vyuma visuguanapo, mahali ambapo maji yangeleta kutu na hasara. Tena hayachemki kwenye digrii 100 kama maji. Kwa hiyo kila kimoja kina kazi yake, wala dereva asidhani ya kuwa kimoja chatosha.

Neno la mwisho. Maji yashikayo joto jingi hukawia kupoa. Katika rejeta za siku hizi hufungwa kwa nguvu, hata yaweza kupita digrii 100 bila kuchemka. Mtu akifungua kifuniko mara gari lisimamapo, yatachemka ghafula na kumrukia usoni. Wala asimimine maji baridi katika mtambo wenye moto mwingi, maana chuma chaweza kupasuka. Na angoje kwanza upoe. Haraka haraka haina baraka.