Handaki Linaloanzia Ndani

Fundi wa Bukavu anayetaka kurekebisha ruta iliyoko Luberizi anaweza kushuka kwa Barabara ya Taifa namba 5, apite Ngomo na Kamanyola hadi bonde la Ruzizi. Anaweza pia kuifikia kwa mtandao, akasoma hali yake na kubadili mipangilio bila kuigusa. Huo ndio ufikiaji wa mbali.

Kikwazo ni anwani. Ruta inayotumia laini ya simu kwa kawaida haipewi anwani ya IP ya umma, yaani namba ya pekee inayotambulika kote kwenye intaneti. Toleo la 4 la IP lina namba bilioni 4.3 hivi, na akiba kuu ya dunia ilimalizika kugawiwa Februari 2011. Kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mtambo wao hukumbuka nani ametoka na kumrudishia majibu yake, lakini anayebisha hodi kutoka nje hafikishwi kwa yeyote.

Basi ruta yenyewe itangulie kutoka. Huiita seva yenye anwani ya umma, hutambuana nayo kwa funguo za siri, kisha mawasiliano yaliyosimbwa hubaki wazi. Fundi huingia kwenye seva ileile na kuifuata njia hiyo hadi Luberizi. Programu ya SSH, iliyobuniwa Finland mwaka 1995, inaweza kazi hii. WireGuard, iliyoingizwa kwenye kiini cha Linux mwaka 2020, inaweza pia, na huagizwa itume pakiti ndogo kila sekunde 25 ili mtambo wa kampuni usiisahau njia.

Kwa Kiingereza njia hii huitwa “reverse tunnel”. Tafsiri ya neno kwa neno ingekuwa “handaki la kinyume”, lakini mwanafunzi atauliza: kinyume cha nini? Napendekeza “handaki linaloanzia ndani”, kwa sababu jina hili linafundisha kanuni ya usalama: chombo ndicho kinachoanzisha safari, wala hakiachi mlango wa usimamizi wazi kwa dunia. Mwaka 2018 ruta nyingi za kampuni ya MikroTik zilivamiwa kupitia mlango wa namna hiyo uliokuwa na kasoro.

Hatari sasa imehamia kwenye seva, na hapo ndipo pa kulindwa. Kila ruta iwe na ufunguo wake. Ikiibiwa, ufunguo huo ufutwe siku hiyohiyo, na ruta nyingine ziendelee na kazi.