Nani Amwonyeshe Nani Karatasi?

Nyumba ya Kiswahili ya Tandika au Mwananyamala ina mlango mmoja wa mbele, ukumbi mrefu katikati, na vyumba kushoto na kulia. Kila chumba ni kaya. Kimoja ni cha muuza samaki wa Feri, kingine cha mama ntilie na wanawe, cha tatu cha kijana wa bodaboda. Difenda la polisi likisimama nje saa tisa usiku, askari wakaingia kumtafuta mpangaji mmoja, wanaoamka ni wote. Ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, ya familia yake na ya maskani yake, na chumba cha kupanga chenye pazia mlangoni ni maskani kama lilivyo jumba la Masaki. Pwani jambo hili lilijulikana kabla ya katiba yoyote. Sura ya An-Nur inamkataza mtu kuingia nyumba isiyo yake kabla ya kuomba ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe.

Serikali ya Mwingereza haikubisha hodi. Miaka ya 1950 Dar es Salaam ilikuwa ikifurika watu kutoka bara, na polisi walifanya misako ya kuwanasa wasiolipa kodi. Mwanamume alitakiwa kutoa risiti ya kodi. Asiyekuwa nayo alikamatwa, na aliyehesabiwa kuwa mhuni aliweza kurudishwa kwao kwa sheria ya mwaka 1944 ya kuwaondoa mjini wenyeji wasiotakiwa. Karatasi aliibeba raia, na anayeidai alikuwa askari. Naomba msomaji akumbuke mpangilio huo, kwa maana historia yote inayofuata ni ya kujaribu kuugeuza.

Kesi iliyoweka msingi wa sheria katika makoloni mengi ilitoka hapa hapa jirani. Wakati wa hali ya hatari Kenya, mtu aitwaye Kuruma bin Kaniu alisimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani akiwa na baiskeli yake. Askari walisema wamemkuta na risasi mbili na kisu cha kukunja. Kanuni za hali ya hatari zilimruhusu kupekua ofisa wa cheo fulani tu, na waliompekua hawakuwa nacho. Kisu hakikuletwa mahakamani. Watu waliosemekana kushuhudia upekuzi huo hawakuitwa kutoa ushahidi. Kuruma alihukumiwa kifo. Mwaka 1954 Baraza la Faragha la London liliikataa rufaa yake likisema kwamba ushahidi ukihusu shauri hupokewa, namna ulivyopatikana haijalishi. Kwa maneno mengine, sheria ya upekuzi ilivunjwa na risasi zikabaki mezani.

Zaidi ya miaka sita baadaye Marekani ilichukua njia nyingine. Huko Cleveland polisi walivunja mlango wa Dollree Mapp na kumpungia karatasi waliyodai ni kibali. Juni 1961 Mahakama Kuu kabisa ya nchi hiyo ilisema ushahidi uliopatikana kwa upekuzi haramu wa namna hiyo usitumike hata katika mahakama za majimbo. Desemba mwaka huo huo Tanganyika ikapata uhuru, na katiba yake haikuwa na sura ya haki za binadamu. Mwaka uliofuata ilitungwa sheria ya kuweka watu kizuizini bila kesi.

Wazee wengi wa Temeke na Kinondoni wanaukumbuka zaidi mwaka 1983. Vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, viliingia majumbani na madukani. Watu wakatupa bidhaa zao usiku kwa kuogopa kukutwa nazo. Mwaka huo huo kampeni ya Nguvu Kazi ikawarudisha mitaani askari wanaomtaka mtu athibitishe kwamba ana kazi. Ilikuwa ile risiti ya mkoloni imebadilishwa jina tu. Nchi ilikuwa na njaa ya bidhaa na walanguzi walikuwepo kweli, lakini sikubali kwamba hilo lilihalalisha kila mlango uliofunguliwa.

Badiliko lilikuja haraka baada ya hapo. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba mwaka 1984, ingawa mahakama zilizuiwa kuzisimamia hadi Machi 1988. Mwaka 1985 ikatungwa Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, na ndani yake kanuni ya Kuruma ikapinduliwa. Kifungu cha 169 kinamtaka hakimu akatae ushahidi uliopatikana kwa kukiuka sheria hiyo, isipokuwa upande unaouleta umridhishe kwamba kuupokea kutaleta manufaa mahsusi na makubwa kwa umma bila kumwonea mtu. Kifungu cha 40 kinataka hati ya upekuzi itekelezwe kati ya jua kuchomoza na kuzama, mpaka mahakama iruhusu vinginevyo. Kifungu cha 38 kinamwagiza askari anayechukua kitu aandike stakabadhi, isainiwe na mwenye nyumba na mashahidi. Sasa karatasi anaitoa polisi.

Lakini kifungu hicho hicho kina tundu. Hati ya upekuzi inaweza kutolewa na mkuu wa kituo mwenyewe, bila hakimu kuiona. Na cha 42 kinaruhusu upekuzi wa dharura bila hati.

Uzito wa stakabadhi unaelezwa na neno moja la mitaani, kubambikiwa, yaani kuwekewa ushahidi wa kutungwa. Katika rufaa ya jinai namba 384 ya mwaka 2008, Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba stakabadhi na saini za mashahidi zinahakikisha mali haikutoka kwingine ila pale palipoandikwa, na kwamba utaratibu huo ukifuatwa, malalamiko ya ushahidi wa kutungwa yatapungua sana. Hukumu za baadaye zimelegeza kidogo, zikikubali mara kadhaa hati ya ukamataji mali iliyosainiwa na mtuhumiwa hata pasipo stakabadhi.

Ndiyo maana mjumbe au mwenyekiti wa mtaa huamshwa kushuhudia upekuzi. Yeye ndiye jicho la majirani. Akiitwa baada ya mfuko kutolewa uvunguni, anachoshuhudia ni mfuko tu, hakuuona uvungu. Ana haki ya kuandika hivyo hivyo alivyoona, na mpangaji ana haki ya kuisoma hati kabla ya kusaini.

Siku hizi kinachochukuliwa kwanza ni simu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inampa mkuu wa kituo uwezo wa kuamuru upekuzi na ukamataji wa kompyuta na data. Oktoba mwaka huo polisi waliingia katika kituo cha waangalizi wa uchaguzi kilichohusishwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Dar es Salaam, wakaondoka na kompyuta na simu. Stakabadhi inaweza kuandika simu moja, nyeusi, kioo kimepasuka. Picha za harusi, miamala ya kikoba na ujumbe wa daktari vilivyomo ndani, mjumbe anavishuhudiaje?