Tunatoka Unguja? Kutafuta ukoo kwetu Kasongo na Kabambare



Huku kwetu Salamabila, watu wakibishana juu ya shamba, juu ya kiti cha shefu ao juu ya ndoa, kuna swali moja halikosekani: "Ninyi munatoka wapi?" Hilo si swali la salamu. Tangu dhahabu ya Namoya ianze kuvuta watu toka pande zote, jibu lake linaweza kukupa udongo ao kukunyima. Njo maana nataka leo tuongelee namna ya kutafuta ukoo, sababu wengi wetu tunajibu swali hilo kwa maneno ya kurithi ambayo hatujayapima hata siku moja.

Mimi natoka kwenye familia ya wale wanaoitwa Bangwana. Kwa baba yangu wanasema: "Siye tunatoka Unguja, koko yetu alikuja na Tippu Tip." Mdogo wa baba anatunza karatasi yenye majina, fulani bin fulani bin fulani, na juu kabisa kuna mtu wa Unguja. Karatasi hiyo ilikuwa heshima ya nyumba. Halafu kukatokea mabishano ya shamba, na wale tuliobishana nao wakachukua maneno yetu wenyewe: "Kama munatoka Unguja, murudi Unguja. Hapa hamuna udongo." Karatasi ile ile ya kujivunia ikawa ya kutufukuza. Kuanzia hapo nikaanza kuuliza.

Kwanza tumuangalie huyo Tippu Tip, maana yeye mwenyewe alitumia ukoo kama chombo cha utawala. Jina lake ni Hamed bin Muhammad el Murjebi, mzaliwa wa Unguja. Uzeeni aliandika habari za maisha yake kwa Kiswahili, na Mjerumani Heinrich Brode akazichapisha mwaka 1902 na 1903. Mule anasimulia alivyofika kwa shefu Kasongo Rushie wa Utetera, miaka ya 1870. Shefu yule alikuwa amezeeka, na alikuwa akiwalilia dada zake wawili waliotekwa zamani kwenye vita. Tippu Tip alikuwa amekwisha kusikia habari hiyo njiani. Akasema: babu yangu mzaa mama alinunua mwanamke kule Urua, akamzaa mama yangu, na mwanamke huyo njo dada yako. Mzee akaamini, akamukabizi utawala pamoja na pembe za tembo. Wanahistoria wanaona ni hadithi aliyoitunga. Angalia basi: mtu alipata inchi nzima kwa kujitungia koko mwanamuke. Kwetu maneno ya ukoo yalikuwa mambo ya mali na utawala tangu miaka 150 iliyopita.

Pili, neno lenyewe "Bangwana". Mungwana maana yake ni mtu huru, asiye mtumwa. Wale waliotoka Unguja na pwani walikuwa wachache sana kati ya watu waliojaa Kasongo, Nyangwe na Kabambare wakati ule. Wengi walikuwa watu wa huku huku: watoto waliotekwa, vijana waliobebeshwa pembe kisha wakapewa bunduki, wanawake waliochukuliwa na kuolewa. Walijifunza Kiswahili, wengine wakaingia Uislamu, wakavaa kanzu, wakachukua majina ya wakubwa wa nyumba walizokomalia. Kwa hiyo jina la Kiarabu kwenye karatasi linaonyesha nyumba ambamo mtu alikomalia. Halionyeshi lazima damu iliyomuzaa.

Tatu, tufanye hesabu. Kwenye karatasi yetu, yule wa Unguja ni baba ya koko yangu mwanaume. Koko, kufuatana na buku yake ya wakati wa Wabelgiji, alizaliwa 1934, na nyuma yake wakazaliwa wengine wawili. Tippu Tip alijiweka Kasongo karibu na mwaka 1875. Kama yule mtu alikuja naye akiwa na miaka 20, basi mwaka 1934 alikuwa na miaka 79, tena akaendelea kuzaa. Inawezekana, lakini ni vigumu sana. Hesabu ya namna hii haitaki diploma. Weka miaka 25 hadi 30 kati ya baba na mtoto, kisha utaona kama kuna jina limeanguka njiani. Na pale mwenye kuwa hakuna miaka, shika mambo makubwa yanayojulikana: Kasongo kutekwa na jeshi la Dhanis, Aprili 1893, Kabambare kuanguka, Januari 1894, pamba ya lazima, iliyoanza mwaka 1917, uhuru wa 1960, Wasimba wa 1964. Muulize mzee: "Wakati wa pamba, alikuwa amekwisha kuoa?" Jibu hilo ni mwaka.

Aliyenifungulia mlango ni koko mwanamuke, mama ya baba. Yeye aliolewa mule, na mama-mukwe wake alimusimulia mambo ambayo wanaume hawakuandika. Ni hivi: baba ya koko alikuwa mtoto mdogo Kasongo ilipoanguka. Alizaliwa ng'ambo ya Lualaba, akatekwa, akakomalia kwenye nyumba ya mungwana mmoja, na jina la mwenye nyumba likawa jina la baba yake. Mtu wa Unguja hakumuzaa, alimupokea tu.

Koko alipomaliza alinikataza: "Usiandike ile neno." Neno lenyewe mnalijua. Nyumba nyingi za Maniema zinaliogopa, kwa sababu kuitwa mtoto wa mtumwa kungali ni tusi lenye kuvunja ndoa. Nilimuuliza basi niandike nini. Akasema: "Andika alikuja mutoto, na hapa njo palimukomalisha." Kwenye karatasi ya familia nimeandika hivyo hivyo. Mdogo wa baba hakufurahi, na mpaka leo ananunguna. Mimi naona haya ni ya wale walioteka watoto. Mtoto aliyetekwa hana haya yoyote.

Koko alinipa na jambo la pili. Huyo mtoto, alipokomaa, alioa Mubangubangu wa kijiji cha jirani, na kaka za mwanamuke njo waliowapa udongo wa kulima. Jina lake halikuwa kwenye karatasi yetu, maana karatasi ilihesabu wanaume peke yao. Lakini wazee wa kile kijiji walimukumbuka, wakataja wazazi wake na watoto wake mpaka kufika kwa baba yangu. Kwenye mabishano ya shamba, jina la mwanamuke huyo mmoja lilisaidia kuliko "bin" zote tulizokuwa nazo.

Mtu atasema: wenzetu wa Ulaya wana bahati, wao wana vitabu. Ni kweli kwa sehemu. Uskoti serikali inaandika vizazi, ndoa na vifo tangu 1855, na nyuma ya hapo kuna vitabu vya parokia. Mtoto wa mhamiaji wa Kiskoti aliyeko Kanada anaweza kupata jina la koko ya koko yake akiwa amekaa nyumbani kwake. Lakini Wairlandi hawana bahati hiyo. Juni 1922, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, nyumba ya kumbukumbu za serikali iliungua pale Four Courts, Dublin. Hesabu za watu za karne ya 19 ziliteketea karibu zote, na nyingine serikali ilikuwa imekwisha kuziharibu yenyewe. Leo Muirlandi anatafuta ukoo kwa vitabu vya ubatizo, kwa daftari za kodi ya mashamba na kwa hesabu za watu za 1901 na 1911 ambazo zilipona. Nao wanaokota vipande kama sisi.

Tena kuna Muskoti mmoja aliyelala kwetu. David Livingstone alikwama Kabambare, yeye akiiandika Bambarre, toka Julai 1870 hadi Februari 1871, vidonda vya miguu vikimuzuia kutembea. Huyo huyo alikuwa ameandika kwamba koko yake, mtu wa kisiwa cha Ulva, alikuwa akisimulia maisha ya wakubwa zake vizazi sita nyuma. Aliyasimulia kwa kinywa, kama wazee wetu. Karatasi zilipomwishia huku Maniema, Livingstone aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa maji ya matunda, na wataalamu wa siku hizi wametumia mianga maalum kuyasoma upya. Mule mna habari ya 15 Julai 1871, siku watu wa wafanyabiashara walipopiga risasi kwenye soko la Nyangwe, wengi wa waliokuwepo wakiwa wanawake. Wafanyabiashara wenyewe walikadiria waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Hakuna orodha ya majina yao. Ukoo unaokatika ghafla kwa upande wa mama, pengine ulikatikia siku kama ile.

Vipande vyetu viko wapi? Vitabu vya ubatizo kwenye misioni, vile vilivyopona vita. Buku za kazi na za kitambulisho za wakati wa Wabelgiji, zilizofungwa kwenye masanduku. Ukizisoma, kumbuka mwaka 1972: serikali ya Mobutu ilikataza majina ya ubatizo ya kigeni, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na jina moja kwenye buku na jina lingine kwenye kadi. Wako pia ndugu wa nje. Ujiji, Tabora, Bujumbura na Dar es Salaam kuna watu wanaoitwa Wamanyema mpaka leo, wajukuu wa waliotoka huku. Na kuna wazee, ambao hawatungoji.

Ukienda kwao, uliza kila mmoja peke yake, halafu linganisha. Usianze na swali la Unguja. Anza na wakoko wanawake: aliitwa nani, alitoka kijiji gani, nani alimutoa kwao, nani alimulipia mahari. Andika maneno yao kama walivyoyasema, weka na tarehe ya siku mliyoongea. Neno ambalo mzee amekataza, liheshimu, lakini tafuta naye namna ya kusema ukweli bila kumuvunjia heshima. Ukipata majina manne ya wakoko wanawake, tayari una zaidi ya kile kilichoko kwenye karatasi nyingi za huku kwetu.